Fishi Nyeupe ya Keren

Fishi ya Keren, kadi yake ya kliniki, ilikuwa safi kuliko fishi zote zilizoletwa kilo asubuhi ile, na usafi huo ndio uliomwaibisha mama yake.

"Kilo" ni jina ambalo wanawake wa Kalemie wameipa siku ya kupima watoto. Unafika mapema, unakaa kwenye foleni kando ya ukuta wa kituo cha afya, mtoto anavalishwa kaptula ya mikanda na kutundikwa kwenye mizani kama samaki wa mgebuka sokoni, analia, anateremshwa. Halafu muuguzi anafungua fishi na kutazama upande wa chanjo. Fishi za akina mama wengine zilikuwa zimelegea, zimeshika mafuta ya mawese kwenye pembe, na kila mstari ulikuwa na tarehe yake kwa kalamu ya buluu. Ya Keren ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, haina hata kunyanzi. Uzito wake uliandikwa mwezi baada ya mwezi, maana mama yake, Bertille, hakuwahi kukosa kilo. Upande wa chanjo ulikuwa mweupe kama siku alipopewa.

"Mama Keren," alisema muuguzi Mado, na sauti yake haikuwa ya kuficha mambo. "Mutoto ana miezi mingapi?"

"Tisa."

"Tisa. Na hii ni nini?" Akaiinua fishi juu ili foleni nzima ione. "Bamama, muangalie. Fishi ya miezi tisa, alama hakuna hata moja. Ama huyu mutoto alizaliwa jana, ananidanganya na meno yake?"

Wanawake wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilikuwa cha watu waliochoka kusimama juani. Bertille naye akajaribu kucheka, midomo ikakataa.

"Baba yake hajakubali," alisema.

"Baba yake njo atakaa naye surua ikimushika? Surua iko hapa Kataki, mama. Wiki hii tumepokea batoto tatu. Haya, songa, uachie nafasi bale benye kusikia."

Bertille akamfunga Keren mgongoni. Mtoto alikuwa ameshika mkanda wa mizani na hakutaka kuuachia, ikabidi mama mmoja aliyekuwa nyuma amfungue vidole kimoja kimoja. Kwa Bertille, upole ule ulichoma kuliko maneno ya Mado.

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yake, Mama Françoise, ameketi mlangoni na mwanawe Casimir mapajani, kitambaa chenye maji kikiwa juu ya macho ya mtoto. Casimir alikuwa na miaka mitatu. Uso wake ulikuwa umejaa vipele vyekundu hadi nyuma ya masikio.

"Usikaribie na Keren," alisema Françoise. "Ni surua. Docta wa Katanika alituambia jana."

Bertille alisimama palepale. Jumapili, watoto hao wawili walikuwa wamekula muhogo kwenye sahani moja.

"Yeye hakuchanjwa?"

"Alipata zote, ila hii ya surua alikosa. Ile miezi nilikuwa Moba nalima na mama. Niliporudi nikasema nitaenda kesho, kesho, kesho." Françoise akageuza kitambaa. "Macho yanamuuma. Anaogopa mwanga. Docta amempa matone ya vitamini, amesema tumefika mapema. Lakini wako hana hata moja, Mama Keren. Hata moja."

"Najua."

"Mupeleke. Papa Keren mwambie ni sindano ya malaria. Wanaume wanaambiwa mambo yakishapita."

Bertille akamkaza Keren mgongoni. Si kwamba wazo lile halikuwahi kumjia. Lilimjia mara nyingi, hata kanisani. Lakini siku ya ubatizo wao ziwani alikuwa amesimama pembeni ya mumewe, maji yamefika kifuani, na kinywa chake mwenyewe kilitamka maneno yaleyale aliyoapa mumewe.

"Huyo docta ni nani?" aliuliza.

"Docta Viviane. Docta wa batoto. Anafanya kazi kwenye kituo kidogo, nyuma ya kambi ya wakimbizi wa vita. Mimi nilienda na aibu yangu yote, nikangoja anitukane. Aliniuliza tu kama nimekula."

Mumewe, Fidèle, alikuwa ametoka ziwani alfajiri, akalala kidogo, na sasa alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba akishona wavu. Alikuwa mtu wa upande wa mji wa Baraka, aliyeteremka na ziwa akifuata ndagala, dagaa wa huko, akapata mke Kalemie. Jua lilikuwa kali, naye alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Hakuna mvuvi mwenzake aliyewahi kumwona kifua wazi. Walimtania, wakimwita Papa Biro, kwa kuwa ni watu wa biro, wa ofisini, tu wanaovuta nyavu wakiwa wamefunga vifungo vya mikono. Yeye alicheka nao na hakueleza kitu.

Bertille alijua sababu. Ndani ya shati lile wembe wa mganga ulikuwa umepita, na mlikuwa na alama kumi na tatu. Kabla ya ubatizo, miaka mitatu iliyopita, Mzee Adalbert wa kanisani alizihesabu pamoja naye ndani ya kile chumba cha mbao wanachokiita nyumba ya maombi, na juu ya kila moja akaomba. Kisha wakashuka ziwani, na Fidèle akasema kwa sauti ya kusikika hadi ufukweni: "Nakataa hirizi, nakataa uganga, nakataa chanjo, mimi na uzao wangu." Bertille akayarudia. Wakati huo uzao ulikuwa neno tu.

"Casimir ana surua," alisema, akaketi kwenye jiwe.

Sindano ya wavu ikasimama. "Pole kwake. Nitaenda kumuombea."

"Alikula na Keren Jumapili."

Fidèle akamtazama binti yake, aliyekuwa akitafuna kipande cha boya. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Papa Keren, mwaka jana ulipata malaria. Ulichomwa sindano siku tatu. Hukukataa."

"Sindano si chanjo."

"Basi hii nayo tuiite sindano. Ni sindano kweli. Nimeiona kwa macho yangu."

"Wao wenyewe wanaiitaje?"

Bertille akainamisha kichwa. "Chanjo."

"Ukienda kwenye redio wanasema chanjo. Kwenye ukuta wa kituo wameandika chanjo. Mimi nimesimama mbele ya Mungu nikasema chanjo." Sauti yake haikupanda. "Sasa unataka nibadilishe jina ili Yeye asijue? Mama Keren, mimi nampenda huyu mutoto. Kama ningekuwa mtu wa kumdanganya Mungu, ningemdanganya kwa ajili yake."

"Basi tumuulize Mzee Adalbert."

"Amekwenda mazishi Kongolo. Simu haipiti, nimejaribu mara nne. Unafikiri silali kwa ajili ya nini?"

Hapo ndipo Bertille alipojua kwamba hata mumewe alikuwa anaogopa. Kwa miezi tisa alidhani kwamba woga ule anaubeba peke yake.

Siku iliyofuata, Jumatano, alipanda pikipiki hadi Katanika akiwa na Keren na ile fishi ndani ya nailoni yake. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba anakwenda kuuliza tu. Fidèle akasema, "Kuuliza si dhambi."

Docta Viviane alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimpima Keren mwenyewe, akasikiliza kifua, akatazama ndani ya mashavu na nyuma ya masikio. Hakuna kipele, hakuna homa. Kisha akafungua fishi.

Bertille akangoja. Alikuwa ameshaandaa uso wake kwa kukemewa.

"Hukukosa kilo hata mwezi mmoja," alisema docta. "Akina mama wa namna hii ninao wachache. Sasa niambie, ni nini kinakuzuia upande huu mwingine?"

Bertille akaeleza yote, ziwa, ubatizo, maneno. Alipolifikia lile neno lenyewe, docta akavua miwani.

"Mimi ni mutoto wa Kirungu, kule juu milimani," alisema. "Kwetu tunasema chanjo kwa wembe wa mganga, na tunasema chanjo kwa sindano ya kituo. Neno moja, vitu viwili. Mumeo si mjinga. Sisi njo tuliweka jina moja juu ya vyote, halafu tunamkasirikia." Akavaa miwani tena. "Nisikilize. Wewe ni mama yake. Ukisema ndiyo, ninamchanja ya surua sasa hivi, na hakuna atakayekulaumu hapa. Unasemaje?"

Keren alikuwa ameshika kamba ya kipimo cha docta na kuivuta. Bertille aliomba moyoni, bila maneno, jinsi mtu anavyoshika ukuta gizani. Aliona njia mbili, na katika njia moja alijiona akirudi nyumbani na kumtazama mumewe usoni kila siku akiwa na jambo nyuma ya meno.

"Nataka aje aketi kwenye hiki kiti," alisema. "Kama hatakuja, nitarudi peke yangu nitasema ndiyo."

"Kesho," alisema docta. "Kesho tunafungua chupa ya BCG, ya kifua kikuu. Chupa moja ni ya watoto wengi, na ikifunguliwa, inayobaki inatupwa jioni. Baada ya kesho ni wiki mbili. Na surua nayo haitangoja. Mwambie simuiti nimfundishe. Mwambie nataka kusikia neno hilo kwa kinywa chake."

Bertille alilipeleka neno hilo nyumbani kama lilivyo. Fidèle alikuwa akinawa mikono. Akaendelea kunawa muda mrefu baada ya mikono kutakata.

"Alisema hivyo? Anataka kusikia?"

"Hivyo hivyo."

"Si kunifundisha."

"Kusikia."

Tangu Keren azaliwe, watu wengi walimweleza Fidèle mambo: wauguzi, watu wa kupita nyumba kwa nyumba na megafoni, hata mwenye mtumbwi. Hakuna aliyemuuliza. Akakausha mikono, akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alipotoka, alikuwa amebadilisha shati. Lilikuwa la mikono mirefu pia, lakini la Jumapili.

Kituo cha Katanika kilikuwa kimejaa alipoingia asubuhi ya Alhamisi. Baba alikuwa yeye peke yake. Kina mama walimpisha njia kwa heshima ambayo ilimsumbua kuliko kusukumwa, na mmoja akanong'ona, "Huyu amempenda mutoto ama amepotea?" Wenzake wakaficha vicheko ndani ya vitenge. Fidèle akatazama mbele.

"Docta, sikuja kubishana," alisema alipofika mezani.

"Na mimi sina nguvu ya kubishana, Papa, nimesimama tangu saa moja. Kaa."

Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Bertille akasimama nyuma yake na Keren.

Docta akamwomba aseme yale maneno, naye akayasema yote, polepole, hadi "mimi na uzao wangu." Docta hakuandika kitu. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ni maneno mazito," alisema. "Na uliposema chanjo, moyoni ulikuwa unaona nini?"

Fidèle akashika shingo ya shati lake. Kisha akafungua kifungo cha juu, na cha pili. Bertille alishusha macho. Juu ya kifua alama zilikuwepo, nyeusi, fupi, zimekaa pamoja kama nyayo za ndege kwenye mchanga.

"Naona hizi."

"Nani alikukata?"

"Mtu mmoja wa Baraka. Nilikuwa kijana, naanza biashara ya ziwa. Alisema maji hayatanishika."

"Alikuambia ndani ya ile dawa mlikuwa na nini?"

"Kuuliza kulikatazwa. Na kuonyesha watu kulikatazwa. Alisema nikionyesha, itanigeukia."

Docta akafungua sanduku la baridi, akatoa kichupa kidogo kuliko kidole gumba, akakiweka katikati ya meza.

"Hii ni ya surua. Uliza."

"Niulize nini?"

"Kila kitu. Yangu inaulizwa."

Mwanzoni Fidèle aliuliza kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Imetengenezwa na nini. Imetoka wapi. Kwa nini inalazwa kwenye barafu. Kisha maswali yakamjia kwa wingi, na foleni nje ikaanza kukohoa. Je, mtoto ataugua kwa ajili yake? Anaweza kupata homa, alisema docta, siku mbili tatu. Watoto wako walipata? Wote watatu, na wa pili alipata homa kweli, sikulala. Basi akipata hii leo, surua haitamshika?

"Hapo sitakudanganya," alisema docta. "Kama Casimir alimpa Jumapili, sindano ya leo inaweza kuwa imechelewa. Inaweza pia kumpunguzia. Akipata homa wiki hizi mbili, munamleta hapa siku ileile. Yule mtu wa Baraka alikuahidi kwamba maji hayatakushika. Mimi sina ahadi ya namna hiyo. Nitafanya yangu, na wewe utaendelea kuomba. Mimi pia naomba."

Fidèle akakigeuza kichupa mkononi. Bertille aliona mabega yake yakishuka kidogo.

"Hii inaacha alama?"

"Ya surua haiachi. Ya BCG inaacha. Ndogo, mkono wa kushoto."

Mabega yakapanda tena. Akakirudisha kichupa mezani, akaanza kufunga vifungo. "Basi ya surua nakubali. Hiyo nyingine, hapana. Docta, unisamehe. Umeongea nami vizuri. Lakini mutoto wangu hatabeba alama. Nilizihesabu zangu mbele ya mzee, moja moja. Kumi na tatu. Sitaanza kuhesabu zake."

Bertille akamhamishia Keren bega la pili. Alijua uso ule. Ulikuwa umefungwa pamoja na shati. Docta hakubisha. Alikunja uso tu, kama mtu anayepiga hesabu.

"Kumi na tatu," alisema. "Papa, waganga wa kwetu wanakata mbili mbili. Huyu wako alikata namna gani?"

"Mbili mbili."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Kifuani mbili, mabegani mbili mbili, mgongoni, hapa kwenye mikono..." Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mbili mbili haifiki kumi na tatu."

"Moja wembe uliteleza," alisema Fidèle. "Ndivyo nilivyofikiri siku zote."

"Iko wapi?"

Akasita. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa kushoto, akakunja shati juu, juu zaidi, hadi karibu na bega. Docta akasogea na miwani yake ya uzi. Palikuwa na mistari miwili myeusi, na chini yake, peke yake, kovu dogo la mviringo, jeupe, limebonyea kama mahali palipokaa tone la mvua.

"Wembe hauchori mviringo," alisema docta.

Akavua koti lake, akapandisha mkono wa gauni. Kovu lilikuwa palepale. Bertille naye, bila kuambiwa, akateremsha kitenge begani, akainama ili mumewe aone. Fidèle alikuwa ameliona kovu lile la mkewe kwa miaka yote ya ndoa, na hakuwahi kuliuliza.

"Hii si ya mganga, Papa. Hii ni ya mama yako. Alikubeba mgongoni akaenda kilo, akakaa kwenye foleni kama hizi hapa nje. Ulikuwa na wiki chache tu."

"Hakuniambia."

"Nani anamwambia mtu mzima jambo kama hilo?"

Fidèle aliweka kidole juu ya lile kovu, akakiacha hapo. "Mzee Adalbert aliweka mkono hapa," alisema polepole. "Tulikataa hii pamoja na zile nyingine. Miaka mitatu naiombea msamaha."

Nje mtoto mmoja alikuwa analia mizanini.

"Mungu alikuwa anajua ni ipi," alisema Bertille.

Fidèle akainuka. Akamchukua Keren kutoka kwa mama yake, akaketi tena, safari hii kiti kizima, akamkalisha binti yake mapajani na kumshika kama docta alivyomwonyesha, mkono wa kushoto wazi. Zile zilizochelewa walizianza zote pamoja: matone mawili ya polio kinywani, Keren akayalamba. Sindano ya kwanza ikamshangaza. Ya pili ikamkasirisha. Ya tatu, ya pepopunda na kifaduro, pajani, akalia kwa sauti iliyowafanya kina mama wa nje waseme, "Huyo amefika."

Docta aliandika tarehe kwenye fishi, kisha akaandika tarehe za kurudi, moja baada ya nyingine, akizisoma kwa sauti. Kalamu ilivuja kidogo, ikaacha doa la buluu pembeni. Aliomba radhi. Bertille akasema haidhuru. Aliishika fishi mkononi, wino ukauke, na ile nailoni akaisahau mezani.

Walitoka wakapita foleni nzima. Mwanamke aliyenong'ona asubuhi akamsalimia Fidèle, naye akaitikia. Hawakupanda pikipiki mara moja. Walitembea kwanza kandokando ya kambi, penye vivuli. Keren alikuwa begani kwa baba yake, bado akilia kwa kwikwi, na Bertille alihesabu kimya siku kumi na nne mbele yake, akimkabidhi Mungu moja baada ya nyingine.

Jua lilikuwa limekolea. Shati la Jumapili lilikuwa bado limekunjwa hadi begani upande wa kushoto, na Fidèle hakulishusha. Alimpigapiga binti yake mgongoni kwa mkono ule ulio wazi.

"Lia tu, mama," alimwambia. "Mimi pia nililia."